Shajara ya mradi: kusaka ukoo wa bibi wa wanangu huko Melle, wilaya ya Osnabrück

14 Januari 2024 – Pa kuanzia

Naandika hii ili mwingine aliyeolewa au kuzaa huku Ujerumani akitaka kuwatafutia wanawe ukoo wa upande wa pili asianze gizani kama mimi. Mi kwetu Lushoto, mume wangu kwao Melle, wilaya ya Osnabrück, jimbo la Niedersachsen, shamba kabisa, mahindi na nguruwe na mialoni mikubwa. Mwanangu mkubwa alipewa kazi ya shule achore mti wa familia. Upande wangu nikamtajia vizazi vitano hapohapo jikoni maana baba alitukaririsha tukiwa wadogo, upande wa baba yake tukafika kwa baba mzazi wa bibi yake basi, hakuna anayejua mbele ya hapo. Mama mkwe kazaliwa 1941, anasema vita ilipoisha nyumbani kwao mambo ya zamani hayakuongelewa, walikuwa wanakula kimya. Jioni ile akaingia chumbani akarudi na kijitabu cha baba yake cha mwaka 1936, akaniwekea mezani, akasema, "Sijawahi kumwonyesha mtu. Kama kitakusaidia mwanangu, chukua."

Kinaitwa Ahnenpass, yaani pasi ya mababu. Kwa asiyejua, Wanazi waliposhika nchi 1933 walianza kudai watu wathibitishe kwamba ukoo wao hauna Myahudi, wakaanza na watumishi wa serikali, halafu madai yakasambaa, na sheria za Nuremberg za 1935 zikakaza zaidi. Mtu anazunguka kwa wachungaji na ofisi za usajili, ananakiliwa majina ya wazee wake, kila mstari unapigwa muhuri. Nasema ukweli niliogopa kukishika. Ni karatasi iliyotengenezwa kuwatenga watu, na wanangu mimi wasingevuka hata ukurasa wa kwanza. Nilikifungia kabatini wiki mbili. Halafu nikajiambia haya majina ni ya mababu wa wanangu, hayakuwa mali ya Hitler, nikakaa chini nikaanza kunakili.

Kijitabu kinafika mpaka kwa mwanaume aliyezaliwa 1802 akaoa 1834 mahali paitwapo Oldendorf. Jina la ukoo nitaliandika K. tu maana ndugu wengi wapo hai. Kitu kimoja kilinishangaza, mke wake naye ni K. Nikaandika pembeni "wameoana ndugu?" nikaendelea. Hiyo alama ya kuuliza ikumbukeni.

Gharama mpaka leo: daftari euro 3.

4 Februari – Kujifunza kusoma upya

Rejista za zamani zimeandikwa kwa mwandiko wa Kurrent, na hata Mjerumani wa kawaida wa leo hausomi. Herufi e inafanana na n, u inawekewa kikofia juu ili usiichanganye na n, na s ziko mbili, ndefu na fupi. Ule mwandiko aliobuni Ludwig Sütterlin mwaka 1911 ni aina yake iliyorahisishwa kwa watoto wa shule, ukafutwa 1941, kwa hiyo mama mkwe hakuwahi kufundishwa. Jirani yetu mzee wa 1931 aliusoma shuleni. Nikawa naenda kwake Jumamosi na keki, yeye ananiandikia maneno mi nasoma, kisha nabadilisha naandika mimi anasahihisha yeye.

Kilichofanya kazi ni KUANDIKA. Wiki mbili za mwanzo nilikuwa naangalia tu herufi kwenye jedwali na nikifungua rejista sioni kitu. Nilipoanza kuandika kwa mkono dakika ishirini kila usiku, majina ya watoto, orodha ya sokoni, baada ya wiki tatu mkono ukawa unajua na macho yakafuata. Mzee alinionya kwamba wachungaji wa miaka ya 1700 waliandika ovyo kuliko mwalimu wake, na ndivyo ilivyo.

27 Februari – Ofisi ya usajili

Hii naipitia haraka. Hannover, ufalme uliokuwa unatawala huku, ilishamezwa na Prussia, dola kubwa ya Kijerumani, tangu 1866, kwa hiyo usajili wa serikali ulianza Oktoba 1, 1874, na Ujerumani yote Januari 1, 1876. Kabla ya hapo unategemea kanisa. Kosa langu: niliomba cheti cha kuzaliwa cha 1908 kwenye ofisi ya usajili nikasubiri wiki tatu. Kumbe vyeti vya kuzaliwa vinakaa pale miaka 110, ndoa 80, vifo 30, vikipitisha muda vinahamia hifadhi ya nyaraka na yeyote anaweza kuviomba. Ambavyo havijapitisha muda lazima uonyeshe wewe ni wa uzao huo moja kwa moja, mi kama mkwe nisingepewa, barua ilibidi asaini mume wangu. Vyeti vitatu, euro 36 na stempu.

25 Machi – Oldendorf siyo moja

Hapa ndo nilipopoteza hela. Rejista za Walutheri wa kanisa la Hannover ziko kwenye mtandao wa Archion, unalipia kwa mwezi, mi nililipa kama euro 20. (Upande wa Wakatoliki kuna Matricula ambao ni bure, majimbo kama Münster, Paderborn na Passau yamo, kwa hiyo kwanza jua dhehebu kabla hujatoa hela.) Nikatafuta "Oldendorf", nikaona Preußisch Oldendorf, ng'ambo tu ya vilima vya Wiehengebirge, nikafungua, na ukoo wa K. upo! Na mtoto wa kiume Johann Heinrich K. wa miaka hiyohiyo yupo! Nikafurahi sana, nikampigia mume wangu kazini. Mwezi mzima na nusu nikapanda naye, baba, babu, mashangazi, nikajaza watu 23 kwenye mti.

Jina Oldendorf maana yake ni kijiji kikongwe tu, na vijiji vikongwe viko kila mahali kaskazini hii. Ile ya Preußisch ilikuwa upande wa Prussia, na Oldendorf yetu ilikuwa ndani ya dola ndogo ya askofu wa Osnabrück, leo ni sehemu ya mji wa Melle tangu vijiji vilipounganishwa 1972. Ni mipaka miwili tofauti na makanisa mawili tofauti, na kila upande umejaa akina Johann Heinrich maana kila mvulana wa pili alipewa jina hilo.

Kilichoniuma ni kwamba jibu lilikuwa kwenye kijitabu tangu mwanzo. Muhuri wa 1936 umeandikwa "Kreis Melle", yaani wilaya ya Melle, kuzunguka ile alama ya Wanazi. Sikuusoma. Kila nilipofungua ukurasa nilikuwa naziba ile alama kwa kidole ili nisiione, na maandishi nayo nikawa nimeyaziba. Baada ya siku hiyo nilijilazimisha, nikachukua lensi nikasoma mihuri yote 31 mmojammoja, nikaandika kila ofisi. Anayefanya kazi na kijitabu kama hiki asifanye nilivyofanya, muhuri una habari kuliko mstari wenyewe.

Watu 23 nikawafuta. Archion miezi miwili, euro 40.

12 Mei – Mtoto aliyezikwa kabla ya kubatizwa

Sasa niko kwenye rejista sahihi na huyu mke, K. binti, nimempata, kabatizwa 1806, pamoja na ndugu zake saba. Ila mume wake hayupo. Nimepekua ubatizo wa 1799 hadi 1805, hakuna mvulana yeyote wa K.

Wakati nahangaika hapo nikaona mtoto mmoja amebatizwa tarehe 12 Oktoba na kuzikwa Septemba mwaka huohuo. Nikadhani ni watoto wawili, maana huku mtoto akifa anayefuata mara nyingi anapewa jina lilelile, nimeshakuta akina Anna Maria watatu kwa mama mmoja na aliyeishi ni wa tatu. Kumbe siyo. Mchungaji kaandika "9br", mi nikasoma mwezi wa tisa. Wao walihesabu kwa Kilatini, mwaka wa Kirumi ulikuwa unaanza Machi, kwa hiyo 7br ni Septemba, 8br ni Oktoba, 9br ni Novemba na Xbr ni Desemba. Mtoto yule aliishi mwezi mmoja na siku tatu. Nikarudi nyuma kurekebisha jumla ya tarehe 14. Siku hizi kila tarehe naiandika vile ilivyo kwenye karatasi kwanza, ndo naweka tafsiri yangu kwenye safu ya pembeni ya faili la eksel.

7 Julai – Jina lilifuata shamba

Miezi mitatu ya kumtafuta mvulana wa K. imeisha leo. Nilikwenda kwenye mkutano wa wazee wanaotafiti ukoo hapa mjini, nikawaonyesha kijitabu, mama mmoja mtu mzima akanitazama akaniuliza, "Umeiona ndoa yenyewe ya 1834, au umeona nakala tu?" Nilikuwa sijaiona. Nilisema imeshapigwa muhuri ya nini kuirudia.

Nikaifungua usiku uleule. Imeandikwa Johann Heinrich M., *genannt* K. Yaani M., aitwaye K.

Huku Westfalia na Osnabrück, zamani jina lilikaa kwenye shamba. Shamba halikugawanywa, linakwenda zima kwa mrithi mmoja, na kama mrithi ni binti basi anayemuoa anahamia pale na kuchukua jina la shamba, watoto wote wanakuwa wa jina hilo. Hata mjane akiolewa tena, mume mpya anachukua jina. Kwa hiyo hawakuwa ndugu wale, ile alama yangu ya kuuliza ya Januari ndo ilikuwa inaniambia. Binti ndiye alikuwa K. mwenye shamba, mwanaume alikuja mikono mitupu akavaa jina la mke wake. Aliyenakili 1936 alikuwa na kisanduku kimoja cha jina, akaandika K. na ile "genannt" akaiacha. Wakati mwingine utakuta *modo* au *vulgo* au *jetzt*, zote zina maana hiyohiyo, ukiona mojawapo simama hapo usipite.

Nilimsimulia mama mkwe. Alinyamaza muda mrefu halafu akasema baba yake alikuwa anajivunia sana jina lile kwamba ni la wanaume wa ukoo tangu zamani. Nikamwambia mama, ni la mwanamke, na shamba lilikuwa lake. Alicheka mpaka akafuta machozi.

Somo kwa anayefuata ni hilohilo la yule mama, nenda kwenye ingizo lenyewe hata kama nakala ina mihuri kumi.

18 Agosti – Aliyefia Uholanzi

Kwa jina la M. mambo yakafunguka, ubatizo wa 1802 ulikuwa pale ukinisubiri. Baba yake kaandikwa *Heuerling*. Hawa walikuwa watu wasio na ardhi, wanapanga kibanda na kipande cha shamba kwa mkulima mkubwa, kodi wanalipa kidogo kwa hela na zaidi kwa mikono, yaani mwenye shamba akiita wakati wowote unaacha chako unaenda. Watoto ambao hawakurithi ndo waliishia huko. Chakula hakikutosha, kwa hiyo nyumbani wanasokota na kufuma kitani, na kiangazi wanaume wanatembea kwa miguu mpaka Uholanzi kukata majani na kuchimba ule udongo mweusi wa mabwawani unaokaushwa kuwa kuni. Kila mwaka, maelfu.

Nilimtafuta huyu baba kwenye mazishi, hayupo. Nikarudia, hayupo. Lakini mke wake kwenye ndoa ya 1811 tayari kaandikwa mjane. Nikaacha kutafuta kwa jina nikasoma vifo vyote vya kijiji mstari kwa mstari kuanzia 1803, jioni nne. Nikamkuta mwisho wa mwaka 1809, kapachikwa chini kabisa ya ukurasa baada ya Desemba, bila siku ya mazishi. Mchungaji kaandika kwa kifupi kwamba habari zimefika amefariki Uholanzi kwenye kazi ya majani. Mtoto wake alikuwa na miaka saba. Kaburi ni la huko, nani anajua wapi. Nilifunga kompyuta nikatoka nje nikakaa.

Kwetu tuna watu wengi waliokwenda mashamba ya mkonge Tanga wakarudi habari tu, hivyo nilielewa kilichotokea kwenye kile kibanda siku ile bila kuelezwa zaidi.

Mdogo wake huyo mtoto, wa 1805, alikwenda Marekani. Huyo nimemwachia hapo. Wengi wa eneo hili walipitia Bremen, na orodha za abiria za Bremen za karne ile hazipo, nyingi zilichomwa kwa kukosa nafasi na nyingine zilipotea vitani, tofauti na Hamburg ambayo za kuanzia 1850 zimesalimika. Kule Missouri kuna mji kabisa unaitwa New Melle, siku moja nitauangalia.

29 Septemba – Nusu ya kila kitu

Hifadhi ya nyaraka ya jimbo, tawi la Osnabrück. Kosa: nilifika nikidhani nitaomba faili na kuletewa. Inabidi utafute namba kwenye mfumo wa Arcinsys nyumbani na uagize kabla. Nauli na siku ya likizo vikaenda bure, mara ya pili nikaagiza wiki moja mapema na zikawa mezani.

Nilichokuwa natafuta ni lile shamba dogo la K. Wakulima wengi wa hapa walikuwa *eigenbehörig*, watu wa bwana, hawawezi kuoa wala kuondoka bila idhini yake na malipo. Mwenye shamba akifa bwana anadai nusu ya mali inayohamishika, kwa hiyo karani anakuja nyumbani msiba haujapoa anahesabu. Hiyo hesabu ndo inabaki kwenye karatasi. Ya kwetu ni ya 1764. Farasi mmoja mzee, ng'ombe watatu, nguruwe wawili, sufuria ya shaba iliyotobolewa, magurudumu manne ya kusokotea, kitani ambacho hakijasokotwa, vitanda viwili na matandiko, meza, sanduku. Vyote vimegawanywa kwa mbili. Ndo wakati pekee naona ndani ya nyumba yao, na naona kwa macho ya mtu aliyekuja kuchukua.

Mambo haya yalikuja kuisha taratibu, sheria ya Hannover ya 1833 iliruhusu wakulima kujikomboa kwa kulipa, na aliyeipigania sana ni Stüve, yule aliyekuwa meya wa Osnabrück. Miaka mingi ya kulipa ilifuata.

Nimelipa euro 22 za picha, nauli mara mbili euro 31.

20 Oktoba – Kwenda kwenyewe

Tulikwenda mama mkwe, mume wangu na watoto. Nilikuwa nimewaahidi watoto makaburi. Hakuna. Huku kaburi ni la kukodi, miaka 20 au 30 hivi, mkataba ukiisha na familia isipolipa jiwe linaondolewa na anazikwa mwingine. Mtu wa 1834 huwezi kumkuta. Mtoto wa pili aliuliza sasa wako wapi, na mi niliyezoea mababu wamelala nyuma ya nyumba chini ya migomba sikuwa na jibu la kumpa. Kilichopo ni jiwe la waliokufa vitani mbele ya kanisa, jina la K. lipo mara mbili, 1915 na 1918, na hao unaweza kuwatafuta bure kwenye orodha za askari waliokufa, kujeruhiwa au kupotea vita vya kwanza vya dunia zilizowekwa mtandaoni na chama cha wanaotafiti ukoo kwa kompyuta.

Shamba la K. nalo ni mahindi sasa, ila mialoni minne imebaki imesimama kwa mraba kuzunguka mahali pasipo na nyumba. Mwenye shamba wa leo alituruhusu kuingia. Mama mkwe aliegemea mmoja akataja majina kutoka kwa baba yake kupanda mpaka 1764, bila karatasi, alikuwa amekariri wiki nzima.

Tukirudi tukapita Gesmold kuangalia mto Hase unavyogawanyika, maji mengine yanaendelea kama Hase kuelekea Ems, mengine yanaitwa Else na kuishia Weser. Watoto walirusha majani kuona yatakwenda wapi.

17 Novemba – Hapa nilipofika

Jumla kama euro 190 ukiweka na keki za mzee. Kizazi cha mbali zaidi chenye ushahidi ni mtu wa 1731 upande wa K. Upande wa M. nimekwama 1768, wazazi wake wameandikwa "kutoka parokia nyingine" na parokia haijatajwa, kinachofuata ni kusoma wasimamizi wa ubatizo wa watoto wake maana mara nyingi ni ndugu.

Jana mama mkwe alinunua daftari kubwa akaandika yote upya kwa mkono wake, halafu akageuza ukurasa wa kushoto akaniambia nimtajie wa kwangu. Nikataja vitano. Akauliza na wa sita? Nikampigia baba, akasema wa sita anamjua ila wa saba aulizwe baba mkubwa aliyeko Mlalo, na kwamba babu alibatizwa Mlalo kwa wamisionari, wale walioingia 1891 na ambao kazi yao baadaye iliongozwa kutoka Bethel kule Bielefeld. Bielefeld hapa ni chini ya saa moja kwa gari. Kama kuna rejista ya mwanzo ya Mlalo itakuwa imeandikwa kwa Kurrent, na sasa nausoma.

Simu ya baba mkubwa haipatikani. Nitajaribu tena keshokutwa akishuka sokoni.